Altimita ya Kabati Namba Tisa

Kabati namba tisa lilikuwa tupu.

Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Kioo kilikuwa kizima. Kitambaa cheusi kinacholifunika kabati ili mwanga usile karatasi kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa pembeni, nadhifu kama kanzu ya Ijumaa. Ndani palibaki ripoti ya uchunguzi iliyogeuka manjano, kibao cha maelezo, na alama ya duara mahali palipokaa kitu chenyewe kwa miaka sita.

Inspekta Nassoro aliinama akalitazama lile duara, huku moyo wake uko kwingine. Wiki ile Jasim, kijana aliyefundishwa na Nassoro mwenyewe jinsi ya kuchukua alama za vidole, alikuwa amepandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo. Kwenye sherehe watu walipiga makofi kwa sekunde hamsini na mbili. Nassoro aliangalia saa. Sasa Kapteni Jasim ndiye aliyemtuma huku Abu Hamour: "Nenda wewe, mwalimu wangu, walinzi wa pale ni Waswahili." Mama yake Nassoro alikuwa wa Unguja, na lugha aliipata jikoni kwake, hapa hapa Doha.

"Kilichoibwa ni altimita," alieleza Mzee Abdulrahman, mwenye jumba lile la makumbusho, kwa Kiarabu. "Ile saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Ilitoka kwenye ndege ya serikali ya Tanganyika iliyoanguka mwaka hamsini na mbili."

Mzee huyo alifanya kazi uwanja wa ndege miaka arobaini, na uzee wake alikuwa ameutolea kwa mikosi ya wengine. Kila kabati lilibeba mabaki ya ndege moja ya serikali ya zama zile, na kibao cha kusema kwa nini ilianguka. Ndege ya barua iliyojaziwa mafuta yenye maji. Ndege ya kuua nzige iliyoruka huku kifungio cha usukani hakijatolewa. Ndege ya gavana iliyoganda barafu kwenye kabureta.

"Nani aligundua?"

"Gerishon, mlinzi wa zamu ya mchana. Ameingia saa nane, akahesabu, akakuta vitu arobaini badala ya arobaini na kimoja."

"Na zamu ya asubuhi?"

"Philipo." Mzee alilitaja jina lile kama baba anayemtaja mwanawe aliyefeli mtihani. "Ameandika daftarini kuwa saa mbili asubuhi vyote vilikuwepo. Ametia saini. Funguo za makabati wanazo wao wawili tu."

"Kamera?"

"Ziko mlangoni tu. Kila mlinzi anaonekana akitoka na mfuko wake wa chakula. Anayekagua mifuko ya watu ni mlinzi. Wa kumkagua yeye hatukumfikiria." Mzee akamshika Nassoro mkono. "Na mwambie atakayeiona asiishike. Rangi ya namba zake ina radiamu. Zamani ilikuwa inang'aa gizani, sasa haing'ai, lakini sumu yake bado. Kioo chake kilipasuka ndege ilipoanguka, na unga unamwagika."

Nassoro akasoma kibao. Onyo lile lilikuwa limeandikwa pale, kwa herufi nyekundu.

Alimkuta Gerishon kwenye kijichumba cha walinzi, anakula. Alikuwa Mkenya wa miaka arobaini hivi, shati limenyooka, tai imefungwa vizuri. Mbele yake palikuwa na hotipoti ya kijani yenye ugali na sukuma.

"Unamjua Philipo kiasi gani?"

"Boss, huyo ni mimi nilimleta hapa Qatar. Tunakaa rumu moja kwa kampu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Ni brathe yangu."

"Anaweza kuiba?"

Gerishon alitafuna polepole. "Siwezi sema. Lakini siku hizi amebadilika, tangu wageni waanze kumpiga picha. Wiki jana pekee picha kumi na saba. Wale wanafunzi wa Jumatatu walimpigia makofi mara tatu. Na mudiri, mzee mwenye jumba, amemwita ofisini mara nne mwezi huu. Ile ya mwisho, Alhamisi, walikaa dakika arobaini, akatoka na kikombe cha gahawa. Gahawa, boss! Mimi niko hapa miaka sita, sijawahi pewa hata maji."

Nassoro aliziandika zile namba zote. Kalamu ikasita kidogo. Kuna kitu kilimchoma, lakini hakujua ni nini.

Mapokezi alikuwa Damaris, naye Mkenya, mwenye macho ya mtu aliyetoka kulia.

"Philipo hawezi," alisema kabla hajaulizwa. "Mwezi ujao anakuwa mwongoza wageni. Mudiri amempatia nyumba Al Thumama, na bibi yake na mtoto wanakuja. Mtu anaiba aje wiki tatu kabla ya neema kama hiyo?"

"Nani anajua habari hizo?"

"Mimi, mudiri, na Philipo mwenyewe."

"Na Gerishon?"

"Ah, hao hawafichani kitu. Hata soksi wanavaliana."

Saa kumi na moja jioni Nassoro na askari wawili waliingia kwenye chumba cha kampu ya walinzi, Industrial Area. Vitanda sita vya ghorofa, nguo kila msumari, harufu ya vitunguu. Philipo alikuwa amekaa kitandani kwake juu, miguu inaning'inia. Mtu mwembamba wa Dodoma, sura ya upole. Alishuka, akasalimia, akawafungulia begi lake mwenyewe bila kuombwa mara mbili.

Chini ya mashati kulikuwa na gauni la mtoto, la njano, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Askari aliliinua. Likawa zito. Alipolikunjua, ikatoka saa nyeusi kubwa kama kopo la maziwa, kioo kimepasuka, sindano zimepinda.

Nassoro alikuwa amekamata watu wengi. Wengine huapa kwa Mungu, wengine hukimbilia mlango, wengine hukojoa. Philipo hakufanya lolote kati ya hayo.

"Usilikung'ute!" alipiga kelele. "Kaka, lishushe taratibu, unga utamwagika kwenye vitanda vya watu! Nawa mikono! Nendeni mkanawe wote!" Kisha akaliangalia lile gauni. "La mwanangu Bella hilo. Hawezi kulivaa tena. Limeshaharibika."

Akafungwa pingu akiwa bado anawasihi wakanawe.

Asubuhi yake Kapteni Jasim alipiga simu kutoka ghorofa ya juu. Kitu kimepatikana kwenye begi la mtu, saini yake iko daftarini. Kuna nini tena cha kuchunguza? Jalada liende kwa mwendesha mashtaka kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo Philipo angeenda jela, akitoka jela angepandishwa ndege ya kurudi kwao, na jina lake lisingekanyaga tena nchi yoyote ya Ghuba.

Nassoro alimwita chumba cha mahojiano.

"Jana asubuhi ulihesabu vitu?"

"Nilihesabu."

"Uliinua kitambaa cha kabati namba tisa?"

"Niliinua."

"Ukaiona altimita?"

Philipo akatazama meza. "Niliiona."

"Ukaichukua."

"Sikuichukua, mzee."

"Basi imeingiaje begini kwako?"

"Sijui."

Alikuwa anasema uongo, na alikuwa hajui kusema uongo, masikio yalimwiva. Nassoro akabadili njia. "Nieleze hiyo ndege. Ilianguka kwa nini?"

Hapo Philipo akanyanyua kichwa. Hata mabega yakanyooka, licha ya pingu.

"Ile saa, mzee, haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa, halafu inakisia urefu. Ina kidirisha kidogo. Rubani lazima aweke humo namba ya hewa ya pale anapokwenda. Hewa ikipungua na wewe hujabadilisha, saa inakudanganya kuwa uko juu, kumbe uko chini. Siku ile ilikuwa mawingu matupu. Mtu wa redio aliwapa namba mpya. Kidirisha kimekutwa na namba ya asubuhi, ya Dar es Salaam. Wakaugonga mlima, futi mia tatu tu chini ya kilele."

"Rubani alisahau?"

"Ndivyo wengi wanavyodhani. Soma ripoti ukurasa wa kumi na nne. Namba mpya ilikutwa imeandikwa kwenye kikaratasi, mfukoni mwa rubani msaidizi. Aliiandika, akamwonyesha mkubwa wake. Mkubwa hakuigusa saa. Wiki ile msaidizi alikuwa amechaguliwa kumrusha gavana, na mkubwa alikuwa ameacha kumsemesha. Kijinga tu, mzee. Wivu. Watu tisa."

Nassoro akanywa maji.

"Na radiamu?"

"Kila siku nawaambia watoto wasikishike hata kioo."

"Halafu wewe ukaiviringisha kwenye gauni la mwanao."

Philipo akageuza uso ukutani.

"Philipo, ama wewe ni baba mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, ama kuna mtu unamficha. Nikuulize mara ya mwisho. Uliinua kitambaa?"

Philipo akafunga macho. "Hapana. Sikuinua."

Ikatoka sasa, yote kwa pamoja. Basi la kampuni linawafikisha saa mbili kasoro dakika tano, na mudiri anataka mlango uwe wazi saa mbili kamili. Kuhesabu vitu arobaini na kimoja, kwa kuinua kila kitambaa, kunachukua nusu saa. Mchana ni vilevile: basi linaloleta zamu mpya ndilo linalorudisha zamu iliyotoka, na dereva hamsubiri mtu. Basi yeye na Gerishon walikubaliana tangu mwanzo: mmoja akiandika arobaini na moja, mwenzake ananakili. Miaka miwili walikuwa wanatiliana saini kwa kuaminiana.

"Jumatano asubuhi hakuna wageni, ni siku ya usafi," alimalizia. "Nilikuta Gerishon ameandika arobaini na moja jana yake usiku wa kufunga, nami nikaandika hivyo hivyo. Nikisema sikuhesabu, nimemfukuzisha na yeye kazi. Mtu amenitoa kwetu, mzee. Nitamlipaje hivyo?"

"Gerishon huwa anahesabu?"

"Yule? Hajawahi hata siku moja."

"Jana saa nane alihesabu."

Philipo aliona lile jambo linamjia, na hakutaka lifike.

Nassoro alirudi mezani kwake akafungua daftari. Kumi na saba. Tatu. Nne. Dakika arobaini. Aliziangalia zile namba mpaka akacheka peke yake, cheko chungu. Mtu anayempenda ndugu yake husema, "Walimpigia makofi sana." Hasemi mara ngapi. Anayehesabu makofi ya mwenzake ni yule ambaye kila kofi linamtua shavuni. Nassoro alilijua hilo. Yeye alikuwa na sekunde zake hamsini na mbili.

Lakini mahakamani huendi na moyo wako ukasema, huu hapa kielelezo. Alihitaji ushahidi, na ushahidi ulihitaji kifaa, na kifaa kilihitaji ruhusa ya Jasim. Akapanda ngazi. Kila ngazi ilimuuma.

"Kipima mionzi?" aliuliza Jasim. "Chukua, mwalimu wangu. Na Latifa wa maabara pia. Ukiona Philipo siye, mimi nakuamini."

Angemkatalia ingekuwa nafuu. Nassoro alishuka na hasira mbili.

Saa saba mchana Gerishon aliitwa kituoni kutia saini maelezo yake kabla ya zamu. Alikuja na tai yake na mfuko wake wa chakula. Latifa, mwenye glavu na barakoa, alikuwa ameweka mezani kisanduku cha njano chenye kifimbo cha kupimia.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza Gerishon.

"Utaratibu tu."

Latifa alianza na begi la Philipo. Kifaa kikalia tik, kimya, tik, na kwenye lile gauni la njano kikaamka kidogo, kikanyamaza tena kwenye mashati. Akapitisha mikononi mwa Philipo, aliyesimama ukutani na askari. Kimya. Akapitisha kwenye vidole vya Gerishon. Tik, tik, tik. Gerishon akavuta mkono.

Latifa akafungua mfuko wa chakula, akaitoa hotipoti ya kijani, akakisogeza kifimbo kwenye mfuniko.

Kifaa kikalipuka kama bisi zinavyoruka kwenye sufuria.

"Zima hiyo kitu!" Gerishon alisimama. "Inasema nini?"

"Inasema kilichokuwa kwenye kibao," alijibu Nassoro. "Kabati namba tisa. Umesimama karibu nacho miaka sita. Hukukisoma?"

"Mimi sina time ya kusoma makaratasi ya wazungu waliokufa."

"Kimeandikwa kwamba altimita ile ina sumu ya radiamu, na unga wake unamwagika. Philipo anajua. Ndiyo maana asingeiviringisha kwenye nguo ya mwanawe hata kwa kuchinjwa. Aliyeificha pale ni mtu asiyejua. Na aliyeibeba alipita mlangoni Jumanne wakati wa kufunga, akiwa ameitia ndani ya hotipoti ya ugali."

Gerishon aliitazama ile hotipoti. "Niliiosha," alisema. "Niliiosha na maji moto." Kisha kwa sauti nyingine kabisa: "Nimekulia hapo. Jana. Na leo asubuhi. Inspekta, nitakufa?"

Philipo akasonga mbele, askari akamzuia. "Gery, usiiguse tena! Mpelekeni hospitali, jamani, mnasubiri nini?"

"Mtoe nje," Nassoro alimwambia askari, na mlango ukafungwa. Akamgeukia Gerishon. "Gari liko tayari. Ukisema usiposema, utapelekwa. Daktari atakupima."

"Unga uliobaki humu ni kidogo," Latifa aliongeza. "Lakini lazima upimwe leo."

Gerishon alikaa. Alilegeza tai, tai ile iliyofungwa vizuri, akaonekana mzee ghafla.

"Ni mimi," alisema. "Nilichukua Jumanne. Nilijua asubuhi ataandika tu bila kuangalia. Aliponiachia zamu, akarudi kampu, nikapiga kelele. Kitu yenyewe nilikuwa nimeweka kwa begi yake usiku akioga."

"Ulitaka afungwe?"

"Hapana! Nilidhani mudiri atamnyima tu ile kazi. Arudi kuwa gadi kama sisi. Abaki pale juu ya kitanda changu. Sikujua ataita polisi."

"Kwa sababu ya gahawa?"

"Gahawa ni nini?" Gerishon alijipangusa uso. "Huyu mtu nilimpokea airport akiwa na viatu vya plastiki. Mimi ndio nilimfundisha kufunga tai. Nilimfundisha 'good morning, sir'. Ugali wangu alikula, blanketi yangu alilala. Miaka sita nimesimama kwa hizo makabati, hakuna mtu ameniuliza jina. Yeye miezi tatu anasoma vibao, watu wanamwita mwalimu. Sawa. Hata hiyo ningevumilia, haki ya Mungu. Ni ile kitu alifanya Ijumaa."

"Alifanya nini?"

"Alikuja kwa kitanda yangu anatabasamu. Akaniambia, 'Gery, nimekuombea kwa mudiri. Nimemwambia wewe ni mtu mzuri, akuweke uwe msaidizi wangu.'" Alirudia lile neno, akilitema. "Msaidizi wake. Ameniombea. Mimi! Kama vile mimi ni mtoto aliokota barabarani. Na nikamwambia asante, Inspekta. Nilimpa mkono. Usiku huo sikulala, na sijalala tena."

Nassoro aliandika mpaka mwisho. Gerishon alitia saini, akaondoka na Latifa kwenye gari la wagonjwa, mikono ameiweka mbali na mwili wake.

Kwenye korido Philipo alikuwa amefunguliwa pingu. Amekaa kwenye benchi, anasugua kiganja kwa kiganja. Nassoro alimpa habari kwa ufupi: Gerishon amekiri, yeye yuko huru, mudiri ameshaarifiwa. Hakumweleza sababu.

Philipo hakufurahi. Alilia kimyakimya, kama mtu aliyefiwa.

"Lakini kwa nini, mzee? Nilimkosea wapi? Alhamisi iliyopita tu nilikwenda kwa mudiri nikamwombea kazi nzuri. Yeye mwenyewe alinishukuru, akanipa mkono." Akafuta machozi kwa mkono wa shati, akasimama kama aliyepata la kufanya. "Sikiliza. Mudiri ananisikiliza mimi. Ngoja nikamwombee, asimshtaki, wamrudishe tu kwao."

Nassoro akamshika bega, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Usimwombee," alisema.

"Kwa nini?"

"Nakusihi, Philipo. Lolote utakalomfanyia yule mtu, usimwombee tena."